Mlango wa Kufuli Tatu

Zamani mlango ule ulifungwa kwa kamba. Kamba ya katani, imezungushwa kwenye msumari, na kazi yake ilikuwa kuwazuia kuku. Binadamu wakiona kamba imefungwa walijua mwenyewe hayupo, wakageuza. Leo ukimwambia kijana kwamba kamba ilitosha kulinda nyumba, anakutazama kama mtu aliyekunywa dawa ya mwenzake.

Mama Godoro amekulia nyuma ya kamba hiyo. Ni mwanamke mwembamba, mikono imekakamaa kama ya mpiga makasia, na nyusi zake hazikosi nyuzi mbili tatu za sufi. Anacheka sindano ikiwa mdomoni, jambo ambalo sijawahi kuona likimwendea salama mtu mwingine. Baba yake alikuwa fundi wa magodoro ya sufi, ile pamba ya mti wa msufi, na yeye ndiye aliyeirithi kazi. Ndugu zake wawili walirithi midomo.

Lakini nyumba waliirithi wote watatu. Si nyumba ya kumtoa mtu udenda. Ina chumba kimoja kirefu kinachotazama barabara, nyuma yake vijumba viwili vya kulala ambavyo mabati yake yameoza, kisha ua na choo. Mlango wa kuingilia ni mmoja tu, huo wa mbele. Ila iko kwenye kona, na siku hizi kona ina heshima kuliko mzee. Marehemu aliwaachia kwa pamoja, bila kusema huyu achukue hiki na yule kile. Alidhani watoto waliolala juu ya godoro moja hawawezi kugombania dari. Mtu mwema yule, lakini kuona mbali hakujaliwa.

Mkubwa wao tunamwita Mkaguzi. Alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye mabasi, na ingawa amestaafu, ukipishana naye njiani bado unajipapasa mfukoni. Huyo alitaka nyumba iuzwe, kila mtu achukue chake, waagane. Mdogo wao ni fundi wa majokofu, jina lake la mtaani Barafu, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ukimwita leo anayeyuka mpaka keshokutwa. Yeye alitaka chumba kirefu kiwe stoo ya majokofu mabovu. Mama Godoro, wa katikati, hakutaka kuuza wala kukodisha. Alitaka kuingia asubuhi, atandike mkeka, afanye kazi ya baba yake mahali baba yake alipoifanyia. Amepanga chumba kimoja mtaa wa pili, hata godoro la mtoto haliwezi kugeuzwa humo. Akikosa chumba cha kona, amekosa kazi.

Na kazi yenyewe siku hizi ni ya kuombea dua. Watu wanalalia sponji. Kitu kinatoka kiwandani kimevishwa nailoni kama mkate, ukikilalia mwaka mmoja kinashika umbo lako, na ukifa mrithi anakuja kulala kwenye shimo la marehemu. Godoro la sufi unalifumua, unalianika, unalipiga fimbo, linarudi ujana. Nani ana muda? Watu hawana muda wa kufumua hata maneno yao wenyewe.

Basi waligombana. Waligombana msibani, wakagombana kwenye arubaini, wakaenda kugombana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, ambaye alikuwa na usingizi. Mwenyekiti akawaambia: wekeni kufuli tatu, kila mmoja na ya kwake, mpaka mkubaliane. Na akawaonyesha namna ya kuziunganisha. Kufuli ya Mkaguzi ilishika pete ya mlango. Ya Barafu ilishika pete ya fremu. Ya Mama Godoro ikakaa katikati, imeshikana na zote mbili kama mtoto anayevukishwa barabara na wazazi. Yeyote akifungua ya kwake, mlango unafunguka. Hakuna anayehitaji ufunguo wa mwenzake. Nikiri kwamba kwa mtu mwenye usingizi ilikuwa akili nzuri.

Ikaenda hivyo kwa amani mpaka Barafu alipoleta majokofu yake mawili mabovu, akayasimamisha juu ya sufi iliyokuwa imetandazwa mkekani. Mama Godoro akapiga kelele. Barafu akasema na yeye ni mtoto wa marehemu. Mkaguzi, aliposikia, akaja na koti lake, akawatoa wote nje kama abiria wasio na tiketi, akafunga. Lakini safari hii hakuunganisha na zile nyingine. Alipitisha kufuli yake moja kwa moja kwenye pete zote mbili, ya mlango na ya fremu, zile nyingine akaziacha zinaning'inia kama hereni.

"Nalinda mali," akasema, akaondoka.

Siku ya pili Barafu akaja kuchukua mota ya jokofu. Akavuta mlango. Akaitazama kufuli ya kaka yake, akaitukana kidogo, kisha akachukua ya kwake na kuipitisha pale pale, kwenye pete zote mbili.

"Kama mimi siingii, na yeye haingii," akaniambia, mimi nikiwa nimekaa barazani kwangu ng'ambo ya barabara, ambako nakaa kwa sababu ndani kuna redio ya wajukuu.

Mama Godoro ndiye aliyefika wa mwisho. Alikuwa amebeba furushi la kitambaa cha mistari kwa ajili ya godoro la bibi wa nyumba ya nne. Bibi yule alikuwa hospitali, mgongo, na alikuwa ametuma neno kwamba akirudi asikute sponji kitandani, maana sponji ndiyo iliyompeleka. Sufi yote ya godoro hilo ilikuwa mle ndani, chini ya majokofu.

Alisimama mbele ya mlango kwa muda. Fundi wa kufuli, ambaye kibanda chake kiko hatua chache kutoka pale, akamwita.

"Mama Godoro! Nilete msumeno? Dakika moja tu zote ziko chini."

"Ukikata, kesho watanunua kubwa zaidi."

"Nami nitakata kubwa zaidi. Si ndiyo biashara?"

Akacheka, lakini hakumruhusu. Akaifungua ile kufuli yake iliyokuwa inaning'inia, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaipitisha kwenye pete zote mbili, chini ya zile za ndugu zake. Akaibana. Ikalia *ta*.

"Sasa umefanya nini?" nikamuuliza. "Na wewe umejifungia nje."

"Nilikuwa nje tayari, Mzee," akasema. "Sasa hivi nje tupo wote."

Akakaa kwenye ngazi akaanza kupindia kitambaa.

Hazikupita siku nyingi, Mkaguzi akaja mbio, kalamu mfukoni, viatu vinang'aa. Alipoona mlango una kufuli tatu zilizobana kama meno, akashika kiuno.

"Nani kafanya upuuzi huu?"

"Ule wa juu umefanya wewe," dada yake akamwambia bila kuinua macho. "Sisi tumefuata mkubwa."

"Kesho lete ufunguo. Kuna mgeni anakuja kuiona nyumba."

"Mgeni gani?"

"Mgeni."

"Kaka, mgeni asiye na jina huwa ni mnunuzi."

Mkaguzi akakohoa. Ni mnunuzi kweli, mwenye duka la vigae, mtu mzito, amesema atapita asubuhi moja ya wiki hii.

"Asubuhi ipi?"

"Mtu mzito hasemi asubuhi ipi."

"Basi sikiliza," Mama Godoro akasema, sasa ameweka sindano chini. "Nitakuja na ufunguo kila asubuhi. Lakini mlango ukifunguka, mimi naingia kazini. Sitafungua mlango nikae nje kama bawabu."

"Kazi gani mbele ya mgeni! Nipe ufunguo wako, nitafungua mwenyewe."

"Nipe wa kwako, nitakufungulia mimi."

Mkaguzi akaupapasa mfuko wa koti upande ule ufunguo ulipokuwa, kama mtu anayehakikisha moyo bado unadunda. Hakuutoa. Wala dada yake hakuutoa wake. Na Barafu, walipomfuata karakana, alisema ufunguo wake hata mkewe haushiki. Zamani watoto wa baba mmoja walivaliana mashati. Sasa hawa, wa tumbo moja, ufunguo wa inchi mbili ulikuwa haupiti kutoka mkono huu kwenda ule.

Kwa hiyo wakaja wote. Kila asubuhi.

Mkaguzi alikuwa wa kwanza, anakaa juu ya kreti la soda, anasubiri. Mama Godoro akitokea, anatazama saa.

"Umechelewa."

"Basi limeshaondoka?"

Barafu alifika mwisho, anapiga miayo, mkate mkononi. Hapo ndipo ilipofanyika ile ibada yao. Kila mmoja anasogea, anafungua kufuli yake, anarudi nyuma, anampisha mwenzake. Hakuna aliyegusa ya mwingine. Wapita njia walisimama kutazama. Kama benki inafunguliwa, na mle ndani kuna pamba ya mti na majokofu mawili maiti.

Mwenye vigae hakuja. Alipiga simu: kesho. Kesho yake: labda kesho. Mkaguzi alikaa mlangoni akitazama barabara, mgongo kwa dada yake, kuonyesha kwamba yeye na mambo ya sufi hawajuani. Barafu alijifanya anatengeneza jokofu. Mama Godoro alitandaza, akapiga sufi kwa fimbo zake mbili mpaka ikaumuka, akaanza kuchambua mbegu, na kila mbegu aliitupa kwenye kopo. Ni kopo la baba yao, la maziwa ya unga, limeliwa na kutu. Mbegu ikianguka inalia *ti*.

Sasa hapo lazima mtu aelewe jinsi watoto hawa walivyolelewa. Nyumba ile haikuwa na redio. Jioni walikaa watatu kuzunguka kopo, na aliyelifanya lilie zaidi ndiye aliyelala katikati, mahali pa joto. Ile *ti* iliingia mifupani.

Siku hiyo ya tatu au ya nne niliuona mkono wa Mkaguzi ukienda nyuma peke yake, kama mkono wa mwizi. Ukachukua kishungi cha sufi. Macho bado yako barabarani. Vidole vikatafuta, vikabana. *Ti.*

Mama Godoro alijifanya hajauona. Ana akili yule.

Barafu ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Kaka, unachambua kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa punda."

"Nyamaza wewe. Wewe ulikuwa unameza mbegu ili uonekane umemaliza!"

"Nilikuwa mdogo!"

"Ulikuwa mwizi mdogo."

"Na bado nililala katikati."

"Kwa sababu ulikuwa unalia," Mama Godoro akasema, sindano mdomoni. Na Barafu akaacha bisibisi yake, akavuta kreti, akaanza kuchambua kuonyesha watu kazi.

Msidhani walipatana. Waligombana kutwa, nikiwasikia kutoka ng'ambo. Ila sasa waligombana kuhusu jambo linalojulikana: je, marehemu alijaza pembe kwanza au tumbo kwanza? Mkaguzi alisema pembe. Barafu alisema tumbo. Mama Godoro alikuwa ndiye pekee anayejua, na akawaacha.

Mwenye vigae akaja siku ambayo hakuna aliyemtegemea. Gari jeupe, suti nyeusi. Na siku hiyo hiyo walikuwa wamefikia kujaza. Sasa, kwa mafundi wa sufi kuna sheria moja: godoro lililofunguliwa tumbo haliachwi. Ukiondoa mkono kabla pembe hazijabanwa na kushonwa, sufi inatembea, na mwenye godoro atalala juu ya kilima mpaka mwisho wa maisha yake. Marehemu aliwahi kukosa mazishi ya rafiki kwa sababu ya godoro la mtu, na mwenye godoro ndiye aliyekwenda kumwombea radhi.

Yule bwana akasimama mlangoni, akatazama ndani. Alimwona Barafu ameshikilia mdomo wa mfuko mkubwa wa mistari, Mama Godoro amepiga magoti na sindano, na kutoka kwenye mfuko imetokeza miguu miwili yenye viatu vinavyong'aa.

"Mwenye nyumba yupo?"

"Yumo," Barafu akasema.

"Wapi?"

"Ndani ya godoro."

"Nani huyo?" sauti ikatoka kwenye mfuko.

"Mnunuzi wako, Kaka!"

Miguu ikataka kutoka, ikasita. Kisha: "Mwambie asubiri! Nimeshika pembe!"

Basi mtu mzito akasubiri. Upepo wa barabarani ukaingia, ukainua sufi yote iliyokuwa mkekani, ukamvisha. Suti nyeusi ikawa kondoo. Akapiga chafya. Akajipangusa, sufi ikahamia kwenye kope. Akapiga chafya nyingine. Alipogeuka kutafuta hewa akaziona zile kufuli tatu zimetundikwa kwenye msumari.

"Kwani nyumba hii ina wenyewe wangapi?"

"Watatu," Mama Godoro akajibu.

"Na mmekubaliana kuuza?"

"Tumekubaliana!" ikasema godoro.

"Hatujakubaliana," akasema Mama Godoro.

"Tutakubaliana nikishatafutiwa pa kuweka majokofu," akasema Barafu.

Yule bwana akapiga chafya ya tatu, iliyosikika hadi kwangu. "Jamani," akasema, "mimi nanunua nyumba. Sinunui ukoo." Akapanda gari lake, akalijaza sufi, akaondoka.

Mkaguzi alipotoka mfukoni nywele zake zilikuwa nyeupe kuliko zilivyozaliwa kuwa.

"Yuko wapi?"

"Ameenda."

"Mmenifukuzia mteja!"

"Nani aliyemwambia asubiri?" dada yake akamuuliza, taratibu kabisa.

Mkaguzi akafungua mdomo. Sufi ikaingia. Akaitema, akaitazama barabara, akalitazama godoro. Pembe moja ilikuwa bado. Akaapa kwamba kesho analeta mnunuzi mwingine, mwenye pua imara. Kisha akavua koti, akarudi ndani ya mfuko kichwa kwanza.

Bibi wa nyumba ya nne alirudi kutoka hospitali akalikuta godoro kitandani. Walilipeleka Mkaguzi na Barafu vichwani, nikaona godoro lenye miguu minne linapita barabarani, linagombana lenyewe kwa lenyewe kuhusu nani avuke kwanza.

Nilidhani mambo yameishia hapo, kwamba kesho Mkaguzi hatatokea na mlango utabaki umebana. Alitokea. "Nimekuja kwa ajili ya ulinzi," akanieleza, ingawa sikumuuliza. Mnunuzi mwingine alikuwa anatafutwa, alisema. Aliendelea kutafutwa kwa kinywa tu. Na kwa kuwa hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kuondoa kufuli yake, kila asubuhi ilibidi waje wote, na wakishakuja watafanya nini, watakaa kutazamana? Mama Godoro alipata chumba chake na wasaidizi wawili ambao hakuwaajiri, kwa sababu tu ndugu zake hawakumwamini.

Kisha Mkaguzi akashikwa na homa. Asubuhi hiyo kreti lilikuwa tupu. Mama Godoro alisimama mlangoni akitazama upande anaotokea kaka yake, na nikamwona kwa mara ya kwanza ana hofu ya kweli usoni. Kufuli moja tu ikikosa mtu, chumba hakuna.

Barafu akaja, safari hii akitembea haraka. Mkononi alikuwa na leso nyeupe iliyofungwa fundo, leso ya mkaguzi wa tiketi, imepigwa pasi.

"Kasema nikupe wewe mwenyewe, mkononi," akasema. "Kasema usiutupetupe."

Mama Godoro alifungua fundo. Akautazama ule ufunguo kama mtu aliyepewa mtoto wa watu ashike. Akafungua kufuli ya kaka yake, kisha yake, na Barafu akafungua yake. Walifanya kazi kutwa bila kubishana, na nikuambie ukweli, ilikuwa siku ya kuchosha sana kwetu majirani.

Jioni ya kufunga ilipofika, Mama Godoro alisimama na kufuli zote tatu kwenye kiganja.

"Funga basi, Dada, twende," Barafu akasema.

Hakuzipitisha kwenye pete zote mbili. Ya Mkaguzi akaipachika kwenye pete ya mlango. Ya Barafu akaipachika kwenye pete ya fremu, Barafu akimtazama. Ya kwake akaiweka katikati, ikazishika zote mbili. Akavuta mlango kuona kama umebana. Umebana. Akaufunga ufunguo kwenye leso, fundo lile lile, akampa mdogo wake aurudishe kwa mgonjwa.

Mkaguzi alipopona alifika mapema kama kawaida yake, akakaa kwenye kreti, akatazama saa. Ndipo akauona mlango. Akasimama, akasogea, akazigeuzageuza zile kufuli. Akatoa ufunguo wake. Akafungua ya kwake, peke yake, mlango ukaachia. Alisimama pale kizingitini muda ambao basi zima lingeweza kukaguliwa.

Mama Godoro alichelewa siku hiyo, alikuwa amepitia nyuzi. Alipokaribia kona alisikia kopo linalia. *Ti. Ti.*

"Nani kachezea kufuli yangu?" sauti ikamwuliza kutoka ndani.

"Mimi, Kaka."

"Si hivyo nilivyoiacha."

"Sivyo."

*Ti.*

"Na mnunuzi?" akamuuliza, bado yuko mlangoni, furushi kichwani.

"Mnunuzi gani? Ingia uone sufi uliyouziwa, mbegu tupu! Umeibiwa, mdogo wangu. Wewe hupaswi kwenda sokoni peke yako."

Neno la kuuza bado analitaja mara moja moja, hasa akishindwa ubishi wa pembe na tumbo. Jioni ni yeye anayefunga. Anaziunganisha zile kufuli moja baada ya nyingine, anavuta mara mbili, anaondoka amenyoosha mgongo.

Kwa kuzuia kuku, mimi bado nasema kamba ingetosha.